Mji Usio na Mto

Ukiitazama ramani ya Slovakia utaona kwamba miji yake mingi ya milimani imekaa kando ya mto. Banská Bystrica iko kwenye kingo za Hron, Žilina kwenye kingo za Váh, Kežmarok kwenye kingo za Poprad. Banská Štiavnica haina mto wa kujivunia. Mji huu umeparamia miteremko kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya safu ya Štiavnické vrchy, na kijito kinachoanzia hapo, nacho kinaitwa Štiavnica, ni chembamba mno mpaka kiteremke kusini kuelekea mto Ipeľ. Hata hivyo, hesabu ya watu ya mwaka 1782 iliukuta mji huu na vitongoji vyake ukiwa na wakazi zaidi ya 20,000, jambo lililouweka miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ufalme wa Hungaria wa wakati huo. Leo wamebaki takriban 10,000. Ukiuliza ni nini kilichowapandisha watu wengi hivyo kwenye mlima usio na mto, utajibiwa kwa neno moja, fedha, yaani yale madini meupe yanayofuliwa sarafu na vikuku. Jibu hilo si la uongo, lakini linaishia njiani. Fedha iliuzaa mji. Maji ndiyo yaliyoulea, yakaupa umbo, yakauletea shule yake mashuhuri na kuuongezea uhai wa zaidi ya miaka 200. Na kwa kuwa maji hayo yalikingwa, yakaongozwa na kumwagwa mbali na kuta za mji, historia ya Banská Štiavnica haiandikiki bila vijiji vyake.

Tuanze na mlima wenyewe. Štiavnické vrchy ni mabaki ya volkano kubwa iliyozimika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, mojawapo ya volkano kubwa kuliko zote zilizowahi kuwaka Ulaya ya Kati. Paa lake lilibomoka na kutitia, likaacha kaldera yenye upana wa karibu kilomita 20. Maji ya moto yalipanda kupitia nyufa za miamba na kuacha humo fedha, dhahabu, risasi, zinki na shaba. Nyufa hizo ndizo mishipa ya madini, na nyingi zinaelekea kaskazini mashariki na kusini magharibi, zikipita chini ya mji na chini ya vijiji bila kujali mpaka wa shamba la mtu. Juu ya ardhi, volkano hiyohiyo iliacha matuta na mabonde yanayotawanyika kutoka katikati kwenda pande zote. Mvua ikinyesha hapo hugawanyika, nyingine ikateremkia Hron upande wa magharibi na kaskazini, nyingine ikakimbilia Ipeľ upande wa kusini, na hakuna bonde moja linaloibeba yote hadi iwe mto. Kilele cha Sitno, chenye mita 1,009, kinasimama juu ya mpangilio huo wote. Kwa hiyo volkano iliyowapa watu hawa madini ndiyo iliyowanyima mto, na hayo mawili yaliandikwa pamoja kwenye mwamba kabla mtu yeyote hajafika na sururu.

Wachimbaji walifika mapema. Hati ya mwaka 1156 inaitaja nchi ya wachimba migodi katika eneo hili, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 13 Štiavnica ilikuwa tayari imepata haki za mji wa mfalme, ikiwa na walowezi wengi wa Kijerumani walioiita Schemnitz. Wahungaria waliiita Selmecbánya. Vijiji vilikuwapo pia: kanisa la mawe la Ilija, kilomita chache kusini, lina mwaka 1254 uliochongwa kwenye jiwe lake. Hayo ni ya kuonyesha ukale tu, na hatuna haja ya kukaa nayo sana. Mji ulichomwa mwaka 1442 katika vita vya kugombea taji, mwaka uliofuata ukapigwa na tetemeko la ardhi, na kati ya 1546 na 1559 wakazi waliligeuza kanisa lao kuu kuwa ngome kwa hofu ya majeshi ya Milki ya Osmani. Wakati wote huo uchimbaji ulikuwa wa karibu na uso wa ardhi. Mchimbaji aliufuata mshipa kutoka pale ulipochomoza, kama ule wa Terézia ambao mtaro wake wa kale bado unaonekana juu ya mji, akaushuka kwa nyundo na patasi, na mwamba ukiwa mgumu aliuwashia moto mpaka upasuke.

Kilichobadilisha mambo ni kina. Tarehe 8 Februari 1627, Kaspar Weindl, mtu wa Tirol, alilipua mwamba kwa baruti katika mgodi wa Horná Bíber. Hilo ni mojawapo ya matumizi ya kwanza kabisa ya baruti migodini yaliyoachiwa kumbukumbu ya maandishi. Baruti ilifanya katika siku chache kazi iliyokuwa ikichukua majuma, na mashimo yakashuka haraka kuliko zamani. Lakini kila hatua ya kushuka ilifungua nyufa mpya, na nyufa hizo ndizo njia za maji. Hapo Štiavnica ikajikuta na matatizo mawili yanayopingana. Chini kulikuwa na maji mengi kupita kiasi, yanayojaza mashimo usiku na mchana. Juu hakukuwa na maji ya kutosha kuzungusha magurudumu ya kuyatoa yale ya chini. Mgodi uliokuwa kando ya mto ungeweza kutumia nguvu ya mto kuvuta pampu. Hapa walitumia farasi kwa mamia na watu kwa mamia, wakipokezana zamu kuzungusha mashine, na gharama ya lishe na mishahara ikala fedha iliyotolewa. Mwanzoni mwa karne ya 18 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba maofisa wa serikali walianza kujadili kuifunga migodi mikubwa na kuiachia maji.

Migodi hiyo haikuwa ndani ya mji. Kitovu cha balaa kilikuwa Vindšachta, kijiji kilicho juu ya mlima kusini magharibi, ambacho leo kinaitwa Štiavnické Bane. Hapo ndipo mishipa mikubwa ilipokutana na mashimo ya kina kirefu, na hapo ndipo Matej Kornel Hell, fundi mkuu wa mashine, alipounda pampu zilizoiokoa migodi isifungwe. Wanawe Jozef Karol na Maximilian walikulia katika mazingira hayohayo. Maximilian, aliyezaliwa mwaka 1720, akawa mwanaastronomia wa Vienna, na mwaka 1769 alikuwa Vardø, kaskazini kabisa mwa Norwei, akiitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Jozef Karol alibaki mlimani na pampu.

Suluhisho la kwanza lililojaribiwa lilitoka nje. Mwaka 1722 Mwingereza Isaac Potter alijenga injini ya mvuke huko Nová Baňa, mji wa madini uliopo magharibi, na inahesabiwa kuwa ya kwanza kufanya kazi katika bara la Ulaya. Katika miaka ya 1730 injini nyingine zilisimamishwa Vindšachta chini ya usimamizi wa Joseph Emanuel Fischer von Erlach. Zilifanya kazi, na ziliwastaajabisha wageni. Ila Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe karibu na migodi yake, na Štiavnica ilikuwa na kuni tu. Kuni hizohizo ndizo zilizohitajika kwenye matanuri ya kuyeyushia, na miti hiyohiyo ndiyo iliyohitajika kuzuia paa za mahandaki zisianguke. Misitu ya migodi ilikuwa imeshawekewa amri za kifalme tangu karne ya 16, kwa sababu watawala waliona inavyokwisha. Injini iliyokula msitu ilikuwa inakula mgodi. Kwa hiyo teknolojia iliyokuwa mpya kuliko zote duniani ilijaribiwa hapa mapema, ikapimwa kwa hesabu za mahali, ikawekwa pembeni. Hili linafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu tumezoea kusoma historia ya mashine kama ngazi ambayo kila mtu anaipanda kwa mpangilio uleule, mvuke ukiwa juu ya maji. Watu wa Štiavnica waliurudia uwezo wa maji baada ya kuujua mvuke, na hawakukosea.

Walichokifanya ni kuutengeneza mto ambao mlima uliwanyima. Mvua na theluji inayoyeyuka vilikingwa kwenye mitaro myembamba iliyochimbwa kufuata mkunjo wa miteremko, ikishuka kidogo mno kiasi kwamba jicho haliwezi kusema maji yanaelekea wapi. Mtaro ulizunguka kilima, ukavuka mgongo wa tuta kwa handaki, ukachukua maji ya bonde lisilohusika na mgodi wowote na kuyapeleka kwenye bwawa. Haba na haba, kibaba kilijaa. Kutoka bwawani mtaro mwingine uliyashusha maji kwenye gurudumu la kwanza, na yakitoka hapo yakaingia la pili lililo chini yake, kisha kwenye vinu vya kuponda mawe. Jumla ya mitaro hiyo ilizidi kilomita 100. Mabwawa yenyewe, ambayo wenyeji huyaita tajchy, yalikuwa karibu 60, na yote kwa pamoja yaliweza kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 7. Mtu aliyeuchora mpango wa sehemu kubwa ya mfumo huo ni Samuel Mikovíni, mhandisi na mchora ramani. Bwawa lake la Rozgrund, lililojengwa mwaka 1743 na 1744 kwenye bonde linaloelekea Vyhne, lina tuta la udongo lenye urefu wa kama mita 30 kwenda juu na pande zilizosimama wima kuliko wajenzi wengi wa wakati huo walivyothubutu. Linashikilia maji mpaka leo, na maji yake yamekuwa yakinywewa mjini.

Ukiyapanga mabwawa hayo kwenye ramani, utaona yanavyovihesabu vijiji. Richňava mawili, Evička, Bakomi na Vindšachta yako Štiavnické Bane. Yale ya Hodruša yako kwenye bonde la magharibi, ambako nyundo za chuma zinazosukumwa na maji ziliipa sehemu ya chini ya kijiji jina la Hámre. Mengine yako Banský Studenec na Banská Belá upande wa mashariki, na Počúvadlo, lililojengwa kati ya 1775 na 1779, liko kusini kabisa chini ya Sitno, mbali na mashimo makuu. Kuna wakati mvua iliyonyesha kwenye mteremko wa Sitno ilizungusha pampu za Vindšachta kwa sababu mtaro ulitoka huku mpaka kule. Huo ndio ushahidi mkubwa wa hoja yangu. Mji wenye uwanja wa Utatu Mtakatifu, nyumba za matajiri na ofisi za migodi ulikuwa mahali pa kuandikia hesabu na kutia sahihi. Mwili wake ulienea mlima mzima.

Mwaka 1749 Jozef Karol Hell aliongeza kifaa kilichoyafanya maji yanyanyue maji bila gurudumu. Katika mashine yake, bomba lilisimama wima ndani ya shimo la mgodi, likajazwa maji ya bwawa kutoka juu. Uzito wa nguzo hiyo ya maji ulisukuma bastola ndani ya silinda, bastola ikavuta fimbo ndefu za pampu, na pampu zikayatoa maji ya chini. Maji yaliyokwisha kusukuma hayakuhitaji kupandishwa mpaka juu tena: yaliachiwa kwenye handaki la kutolea maji lililochimbwa katikati ya kina cha mlima, yakajitiririkia nje bondeni pamoja na yale yaliyopandishwa. Miaka michache baadaye Hell alijenga mashine nyingine iliyotumia hewa iliyobanwa kwa nguvu ya maji. Wageni waliotembelea mgodi walionyeshwa jambo la ajabu: hewa ikiachiwa kwenye mdomo wa bomba ilitoka kwa ubaridi mkali hata ikagandisha unyevu kuwa barafu. Sababu yake, kwamba hewa inayopanuka ghafla hupoa, ilikuja kueleweka vizuri baadaye sana. Angalia ni kitu gani mashine ya nguzo ya maji ilikihitaji ili ifanye kazi. Ilihitaji maji yaliyowekwa juu sana, na mlango wa kutokea ulio chini sana. Mahali tambarare pasingeweza kuizaa, na mahali penye mto mkubwa pasingekuwa na haja nayo.

Anayepinga atasema kwamba haya yote ni ya pembeni. Bila fedha hakuna ambaye angechimba mtaro hata mmoja, na bila hazina ya ukoo wa Habsburg, watawala wa Hungaria, kule Vienna, ambayo ilihitaji sarafu za kulipia vita, mabwawa yangebaki kwenye karatasi za Mikovíni. Pingamizi hili lina uzito, na sehemu yake ya kwanza nimeshaikubali. Inakadiriwa kwamba eneo hili lilitoa kiasi cha tani 4,000 za fedha na tani 80 za dhahabu katika historia yake, na hakuna mtu anayejenga mabwawa 60 kwa kupenda mandhari. Fedha ya hapa ilikwenda Kremnica, mji jirani wenye kiwanda cha sarafu tangu mwaka 1328, na kutoka huko ilisambaa mbali. Kremnica ilikuwa mojawapo ya viwanda vilivyofua reale yenye sura ya malkia Maria Theresa, sarafu ambayo katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Unguja, Mombasa na Maskati waliitumia kulipia pembe za ndovu na karafuu, hata miongo mingi baada ya malkia mwenyewe kufariki mwaka 1780. Sarafu hiyo ilifuliwa pia Vienna, Günzburg na kwingineko, kwa hiyo hakuna anayeweza kuishika reale ya Unguja na kuapa kwamba imetoka Vindšachta. Lakini njia ilikuwapo, na ilianzia kwenye milima kama hii.

Ila pingamizi hilo linaeleza kwa nini mtu alitaka kuchimba, halielezi kwa nini aliweza. Nia ya Vienna ilikuwa ileile kwa migodi yote. Pukanec na Ľubietová zilikuwa kwenye orodha ya miji saba ya madini ya sehemu hii ya Hungaria pamoja na Štiavnica, na Vienna iliyataka madini yao vilevile, lakini zilififia mapema na kubaki vijiji vikubwa. Kweli, mishipa yao ilikuwa haba kuliko ya Štiavnica, na hilo lazima liingie kwenye hesabu. Lakini hata mshipa tajiri uliozama majini ni sawa na mshipa usiokuwapo, na mwanzoni mwa karne ya 18 mishipa ya Vindšachta ilikuwa imebakiza kidogo tu kuwa hivyo. Mgodi uliokaribia kufungwa kwa ajili ya maji ulipata nusu karne ya neema kubwa mara baada ya mabwawa kujaa. Mfuatano huo hauwezi kuelezwa na thamani ya madini peke yake.

Pingamizi la pili linahusu watu: kwamba tuliyoyaona ni kazi ya vipaji vichache, Mikovíni na Hell baba na mwana, na kwamba vipaji huzaliwa popote. Tena, elimu ya migodi ilikuwa inakuja tu, kwani Freiberg ya Saksonia ilifungua chuo chake mwaka 1765 bila kuwa na mabwawa ya Štiavnica. Nakubali kwamba zama zilikuwa zimeiva. Lakini tazama jinsi elimu ilivyoanza hapa. Mwaka 1735 iliundwa shule ya migodi, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa Mikovíni huyohuyo, akifundisha hesabu, upimaji wa ardhi na sayansi ya maji kwa vijana ambao wangetoka darasani kwenda kupima mteremko wa mtaro. Mwishoni mwa mwaka 1762 serikali ikaamua kuipandisha hadhi, Nikolaus Joseph von Jacquin akaletwa kufundisha kemia na uyeyushaji, na mwaka 1770 kikawa chuo kamili, Akademia ya Migodi. Kilichowavutia wageni ni kwamba mwanafunzi alifanya majaribio kwa mikono yake mwenyewe maabarani, badala ya kumtazama mwalimu akifanya. Mwaka 1794, Wafaransa walipokuwa wakiandaa shule yao kuu ya uhandisi mjini Paris, mfano wa Schemnitz ulitajwa kuwa wa kuigwa. Hell hakuanguka kutoka mbinguni, maana alikuwa mtoto wa fundi wa pampu katika kijiji ambacho pampu ndizo zilizoamua kama watu watakula mwaka ule. Mahali pakimlazimisha kila kijana mwerevu kufikiria swali moja kwa vizazi viwili, si ajabu mmoja wao akalijibu.

Wala elimu hiyo haikukaa mjini tu. Sklené Teplice ni kijiji chenye chemchemi za maji moto kaskazini mwa mji, na kilikuwa na matanuri. Mwaka 1786 mtaalamu wa madini Ignaz von Born alionyesha hapo njia yake ya kutenganisha fedha na mawe kwa kutumia zebaki, na wataalamu wa nchi mbalimbali waliofika kuiona wakaanzisha jumuiya ya kisayansi ya uchimbaji, mojawapo ya jumuiya za kwanza za kimataifa za aina hiyo. Mmoja wa waliokuwapo, Mhispania Fausto de Elhuyar, baadaye alikwenda Mexico na kuongoza shule ya migodi iliyofunguliwa huko mwaka 1792. Born alitaka zebaki kwa sababu ileile iliyoifanya injini ya mvuke iwekwe pembeni: njia yake ilipunguza kuni. Msitu ulikuwa tatizo la kudumu hapa, hata mwaka 1807 ikaanzishwa taasisi ya misitu mjini Štiavnica, ambayo mwaka 1846 iliunganishwa na chuo cha migodi.

Nikisema kwamba vijiji ndivyo vilivyokuwa mwili wa mji, sisemi kwamba vilitendewa haki. Hapa ndipo hoja yangu inapoweza kupotoshwa kuwa hadithi nzuri ya ushirikiano, na haikuwa hivyo. Maji safi yalipanda kuelekea migodini, na maji machafu yakateremkia mashambani. Kando ya kijito cha Štiavnica vilipangwa vinu vya kupondea mawe yenye madini, na tope lake, lenye risasi na zinki, lilisafiri na maji mpaka kwenye malisho ya Svätý Anton na ya vijiji vilivyo chini zaidi. Metali hizo bado zinapatikana kwenye udongo wa bonde hilo. Huko Svätý Anton familia ya Koháry ilijijengea kasri la fahari katikati ya karne ya 18, na watalii wanaolitembelea leo hawaambiwi sana habari za tope. Vijiji vya kusini kama Prenčov, vyenye ardhi nzuri na joto kidogo zaidi, viliwalisha wachimbaji. Na wale waliochimba mitaro, waliokaa usiku wa mvua kubwa juu ya tuta wakichunga lisipasuke, wanawake na watoto waliochambua mawe kwa mikono penye baridi, hao hawana majina kwenye vibao vya mji. Jina la Mikovíni linastahili kukumbukwa, lakini kalamu yake haikuchimba mtaro hata mmoja.

Kuna pia namna ya kuisoma historia hii kwa kabila: mji wa Wajerumani, vijiji vya Waslovakia, dola ya Wahungaria. Usomaji huo una ukweli ndani yake, na uliwagusa watu kwa uchungu. Baada ya mapatano ya mwaka 1867 kati ya Austria na Hungaria, Kihungaria kikawa lugha ya chuo, na Chekoslovakia ilipoundwa, chuo kikahama mwaka 1919, maprofesa na wanafunzi wake wakaenda Sopron ndani ya Hungaria. Štiavnica ikapoteza kwa mkupuo mmoja kitu kilichokuwa kimeifanya ijulikane duniani. Lakini mabwawa hayakuhama. Mtu akiigawa historia hii kwa lugha, atalazimika kuukata mtaro unaoanzia katika kijiji kimoja na kuishia katika kingine, na hapo mfumo mzima unakosa maana. Hati ya UNESCO ya mwaka 1993 ililiona jambo hilo vizuri: ilichoorodhesha si mji wa kihistoria peke yake, bali mji pamoja na kumbukumbu za kiufundi za mazingira yake.

Kazi ya mwisho kubwa ya maji ilikuwa ya kuyatoa kabisa. Mwaka 1782 lilianza kuchimbwa handaki kutoka Voznica, kijiji kilicho kwenye bonde la Hron magharibi, likielekea chini ya migodi ya Štiavnica ili maji yajitiririkie mtoni bila pampu. Lilipewa jina la Kaisari Joseph II. Lilikamilika mwaka 1878, likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 16, na wakati huo lilihesabiwa miongoni mwa mahandaki marefu kabisa duniani. Miaka 96 ya kuchimba, vizazi vitatu au vinne vya watu, na walipolitoboa bei ya fedha ilikuwa inaporomoka, kwa sababu dola kubwa za Ulaya zilikuwa zinahamia kwenye sarafu ya dhahabu. Wengi wameliita handaki hilo hasara. Mimi naliona kuwa ndilo lililowezesha migodi ya chini kuendelea katika karne ya 20, kwa risasi, zinki na shaba, hata pale fedha ilipokuwa haitoshi kulipia mshahara. Uchimbaji wa Štiavnica yenyewe ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mgodi wa Rozália huko Hodruša-Hámre ukaendelea kutafuta dhahabu.

Pampu zilipozimwa, maji yalipanda na kujaza ngazi za chini za mgodi, na yale yanayozidi yanatoka hadi leo upande wa Voznica na kuingia Hron, yakiwa yamebeba zinki na metali nyingine kutoka mawe ya chini. Juu, kati ya mabwawa yale 60, yamebaki zaidi kidogo ya 20. Yapo ya kuogelea, yapo ya maji ya kunywa, na yote yanahitaji tuta kukaguliwa, mlango wa maji kufunguliwa wakati wa theluji kuyeyuka, na mti ulioota pasipotakiwa kung'olewa kabla mizizi yake haijapenya udongo. Kazi hiyo iko mikononi mwa shirika la serikali la Slovakia linalosimamia mito na mabwawa. Mitaro iliyoyalisha mabwawa hayo haina bahati hiyo. Sehemu kubwa imejaa majani na udongo, nyingine imegeuzwa njia za waenda kwa miguu, na nyingine imekatwa na barabara. Bwawa lililokosa mtaro wake linategemea mvua inayolidondokea na vijito vidogo vya jirani tu, na katika miaka ya ukame hilo huonekana kwenye kingo zake. Anayetaka kuuhifadhi mji wa Banská Štiavnica itampasa kuanzia huko, kwenye miteremko ya Štiavnické Bane na Počúvadlo, akiwa na jembe na kipimo cha usawa.